Mdomo wa Mama Sumerta

Hapa sokoni Kedonganan, mtu akitaka samaki wa bei nafuu anakwenda kwa wengine. Akitaka samaki na matusi, alikuwa anakuja kwa Mama Sumerta. Kibanda chake na changu vimetenganishwa na pipa la barafu tu, kwa hiyo nimesikia yote, hata yale nisiyothubutu kuyaandika hapa. Ukimwomba akupunguzie bei ya samaki mmoja, atakuuliza kama unamnunua huyo samaki au unamposa. Watu walitoka mjini Denpasar na familia zao kuja kutukanwa, wakachomewa kolekole wao juu ya makumbi ya nazi, wakarudi makwao wameshiba na wanacheka.

Mumewe, Baba Sumerta, ni mshona nyavu. Yeye kwa siku anasema maneno matatu, na mawili ni kikohozi.

Basi kuhani wa hekalu letu la ufukweni akafariki. Ikafanywa ibada ya kumtafuta mwingine, bibi mmoja akapandisha, na mungu aliyempanda akamtaja nani? Baba Sumerta. Mimi nilidhani mungu kakosea nyumba. Maana kwetu kuhani hatakaswi peke yake. Mkewe naye anaogeshwa maji matakatifu, na tangu siku hiyo sharti vinywa vyao vyote viwili viwe safi. Hakuna kutukana, hakuna kufoka. Wauza kamba wakawekeana dau kwamba mama huyu hamalizi wiki.

Jamani, akamaliza. Akamaliza na mwezi. "Karibu, ndugu yangu, chagua unayempenda," akawa anasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Wateja wake wa siku zote wakamwangalia, wakaangaliana, wakahisi labda samaki wameharibika, wakahamia kwangu. Sitasema uongo, nilifurahi. Nilinunua hadi feni.

Alasiri moja nilimkuta anapara samaki huku machozi yanamtoka. Nikamshauri aurudie tu mdomo wake, miungu ina mambo mengi ya kufanya. Akakataa.

"Dada, mimi kibanda sikijali," akasema. "Siku ya ibada ya Melasti kijiji kizima kitakuwa kinamtazama yeye. Nikiteleza neno moja tu, watasema mungu alichagua vibaya. Watamvua yale mavazi meupe ya ukuhani kwa ajili ya mdomo wangu."

Nikarudi kibandani kwangu. Hiyo feni nayo ikaanza kunisuta kidogo.

Melasti ikafika. Kijiji kizima tumevaa nyeupe, vitu vya miungu viko mabegani na vichwani, tunavipeleka baharini kuvitakasa. Baba Sumerta yuko mbele na kengele yake, mkewe nyuma yake na kikapu cha sadaka kichwani. Kufika mchangani, njia imezibwa. Wirata, mwenye mgahawa mkubwa, alikuwa ameahidi kuondoa meza zake tangu asubuhi. Ziko palepale, zimejaa wageni wanaomenya kamba, na moshi wa jiko lake unavuma moja kwa moja kwenye nyuso za miungu.

Kuhani akamwomba kwa upole aziondoe. Wirata, koleo la jiko mkononi, akainamisha kichwa kwa adabu, akaomba dakika kumi wageni wamalizie. Zikapita. Akaomba tena tano. Wabebaji wanatweta, jua linachoma, wazee wanatafuta pa kukaa. Mmoja mmoja, sote tukageuka kumtazama Mama Sumerta. Sentensi yake moja ingeusafisha ufuo huu mpaka uwanja wa ndege. Naye amefumba macho, ameuma mdomo.

Hapo ndipo kuhani alipoiweka kengele chini.

"Wewe Wirata," akasema, "hata ngisi ana aibu, akionwa anakimbia. Wewe unaonwa na miungu, bado umesimama tu na koleo, pua imekutanuka kama kapu la dagaa. Toa hizo meza kabla sijakupara magamba kuanzia mkiani."

Aliyasema kwa pumzi ya mkewe, kwa lafudhi ya mkewe, mpaka na mkono kiunoni. Meza ziliondoka na sahani zake juu. Nami nikasubiri mtu aseme kwamba mungu alichagua vibaya. Hakusema mtu, walikuwa wanafuta machozi ya kucheka.

Lakini sheria ni sheria. Kuhani kachafua kinywa, hana budi kutakaswa kwanza ndipo ibada iendelee. Na aliyebaki na kinywa safi cha kumfanyia hivyo alikuwa mkewe peke yake. Baba Sumerta akapiga magoti mchangani, masikio yamemwiva. Mama Sumerta akachota maji matakatifu, akamnyunyizia mara tatu kama inavyotakiwa, kisha akainama kumpangusa uso. Nilikuwa karibu, kwa hiyo nilimsikia.

"Miaka thelathini," alimwambia taratibu, "nilidhani hunisikilizi."