Tulivyopitishwa Kibwezi na SGR tukienda kuposa

Wakuu, salamu kutoka Eldoret. Huku Kapsoya baridi imetukamata vibaya lakini roho iko sawa kabisa.

Hii si hadithi ya kuambiwa. Yametupata sisi wenyewe, na Mama ameniruhusu niandike mradi nisimfanye aonekane mshamba. Nitajaribu.

Mdogo wangu Kiplagat alipata mchumba, Mwende, mwalimu hapa mjini. Kwao ni Kibwezi, Ukambani. Ikafika siku ya familia yetu kwenda kumposa, Jumamosi asubuhi.

Shida ilikuwa baba yake Mwende. Si kwamba alimkataa Kiplagat. Alikuwa anauliza swali moja tu kila akipigiwa simu: akiolewa huko mbali, mimi nitamwona lini? Kwa hivyo tulijua tukichelewa, tutakuwa tumeshamjibu.

Sasa, treni ya SGR inayosimama Kibwezi inatoka Nairobi asubuhi. Kwa mtu wa Eldoret hiyo maana yake ulale Nairobi. Mjomba wetu Mzee Kibet, ambaye ndiye msemaji wa familia, akakataa katakata.

"Nilale Nairobi nikifanya nini? Si iko hiyo ya mchana, tena ndio ya haraka? Sisi ni watu wa mbio."

Nikakata tiketi za express za Ijumaa mpaka Mombasa.

Najua wale wa njia hiyo mmeshaanza kucheka. Lakini hebu tuelewane. Huku kwetu ukipanda basi ya Kisumu, unalipa mpaka mwisho, unamwambia konda mahali pako, unashuka. Reli tunayoijua Eldoret ni ya mabehewa ya mizigo. Hakuna aliyetuambia treni haina konda wa namna hiyo.

Pale stesheni Nairobi mizigo inapangwa chini, mbwa wa polisi anapita akinusa. Akafika kwa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa ambayo Mama alikuwa ametengeneza kwa ajili ya wakwe. Mbwa akagoma kuondoka. Mama akamwambia askari, "Huyu amelelewa vizuri." Askari akacheka mpaka akatupitisha.

Wakuu, hiyo treni ni tamu. Nilifurahi kama mtoto, sioni aibu kusema. Mzee Kibet alikuwa anahesabu milingoti akilinganisha na pikipiki yake.

Tulipopita Emali akasimama, akamwita dada mmoja wa wahudumu.

"Msichana, hapo Kibwezi utatushukisha."

"Mzee, hii haisimami Kibwezi."

"Si lazima isimame. Ipunguze tu mwendo."

Behewa zima lilikufa kicheko. Kiplagat peke yake hakucheka. Alimpigia Mwende, ambaye alikuwa ametangulia kwao, na Mwende akampa baba yake simu. Mzee yule akauliza, "Kwa hivyo mtapita tu?" Akakata.

Mdogo wangu alikuwa ameangalia miguu yake.

Kumbe Mwende hakukaa. Tulipokaribia Kibwezi tukakimbilia dirisha, na nje ya ua wa stesheni tukamwona yeye na watu wa kwao wamesimama na leso, wanapunga mikono. Baba yake alikuwa pembeni na kofia yake, mikono mfukoni. Mama akainua kibuyu juu kwenye kioo. Kisha ikawa vichaka tu.

Mama akalia kidogo, halafu akaanza kucheka. "Nimemwona mkwe. Ni mrefu."

Tukalala Mombasa kwa gesti. Mama alivua sweta yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Asubuhi tukapanda ile ya polepole kurudi.

Hapo ndipo nilielewa mambo. Hii inasimama Mariakani, inasimama Miasenyi, inasimama Voi. Mama mmoja alipanda Mariakani akienda kumwona mjukuu mchanga Voi. Akaniambia zamani angengoja mtoto atembee ndio amwone. Jana yake sisi tulikuwa tumepita sehemu hizo zote tukisifu mwendo, na hatukuona mtu hata mmoja.

Tulifika Kibwezi saa sita mchana. Wazee walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wamekaza nyuso. Mmoja akasema kwanza tutozwe faini ya kuchelewa. Mzee Kibet, msemaji wetu, akaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa, na hiyo sijawahi kuona.

Baba yake Mwende akasimama.

"Jana nimesimama pale nikaona hawa wakipita. Nikasema, basi, hivyo ndio binti yangu ataenda. Nitakuwa namwona kwa dirisha. Lakini wamerudi. Wamefika mpaka Mombasa na wamerudi kwangu. Watu kama hawa, huyu mtoto watamleta nimwone."

Wakuu, Mama alipiga vigelegele vya kuamsha Eldoret. Kiplagat akalia waziwazi, mimi pia. Mzee yule akapewa mursik, akanywa, akakunja uso, akatulia, akaomba ingine. Tukaimba mpaka jua likashuka.

Funzo langu ni hili. Treni ya haraka inaleta Mombasa karibu na Nairobi, na hilo ni jambo zuri. Lakini inayoleta watu karibu ni ile inayosimama. Wakituletea SGR huku Uasin Gishu, mimi naomba kitu kimoja tu, isitupite.

Mwende na Kiplagat walienda kumsalimia mzee wiki iliyopita. Safari hii walilala Nairobi, wakapanda ya asubuhi. Alikuwa amewangojea stesheni, na Mwende anasema alikuwa anapunga kofia kabla treni haijasimama.

Wa Emali, Voi, Mtito, semeni: hii reli imewasogeza karibu na nani? Na kama umewahi kumwambia mhudumu wa treni apunguze mwendo ushuke, jitokeze. Mzee Kibet anatafuta wenzake.