Bibi Kimya na Mlango wa Nne

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mhudumu wa usafi anafungua chumba cha ibada cha hospitali, kati ya maabara na stoo ya mashuka. Anavua viatu, anapiga deki, kisha anageukia kabati la milango minne. Mitatu anaipangusa kwa nje tu. Ndani ni kwa wenyewe. Wa nne anaufungua.

Ana miaka hamsini na minane, kumi na mmoja kati yake akiwa kazini hapa. Wenzake humwita Bibi Kimya. Ni mfuasi wa dini ya Budha, kama mama yake mzazi, na mshahara wake huishia wiki ya tatu ya mwezi.

Mwaka jana chumba hiki kilinusurika kugeuzwa stoo ya mafaili, na chanzo cha hatari hiyo kilikuwa yeye.

Wakati huo miswala, msalaba na taa za ibada vilikaa popote, na waumini waligombea kona. Bibi Kimya, aliyezoea kutafakari mbele ya ukuta mtupu, akaona dawa ni moja. Akafungasha kila kitu kwenye maboksi ya sabuni.

"Nilidhani chumba kitupu ni cha wote," anasema. "Kumbe kitupu kilikuwa changu peke yangu."

Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuta mswala wake umekunjwa pamoja na matambara ya deki. Mlinzi wa geti aliuchomoa msalaba, akaunusa.

"Bibi, umetufulia mpaka imani?" aliuliza, wala hakuwa anatania.

Wiki hiyo malalamiko saba yalimfikia msimamizi wa hospitali. Akatoa siku tisini: likija lalamiko moja zaidi, chumba kinafungwa na kuwa stoo ya mafaili.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupigwa deki. Bibi Kimya alimfuata muuguzi bila kujitetea. Aliomba aelezwe mswala hutunzwaje na kwa nini, kisha akarudia alichoambiwa mpaka mwenyewe aridhike.

"Mara ya kwanza nikamwambia, hapana mama, hujaelewa," anakumbuka muuguzi. "Ya pili, hapana. Ya nne ndiyo nikasema, haya, ndivyo. Hapo nikajishtukia: mlinzi nimefanya naye kazi miaka sita, sijawahi kumuuliza chochote."

Likawa sharti la chumba. Mwenye lalamiko dhidi ya mwenzake aeleze kwanza upande wa mwenzake, mpaka huyo aseme "ndivyo". Seremala wa hospitali akaunda lile kabati, mlango mmoja kwa kila dini.

"Kwetu tunafundishwa tusing'ang'anie maoni kama mali," anasema Bibi Kimya. "Mimi niliung'ang'ania utupu, nikauita haki."

Siku ya tisini msimamizi alifungua daftari la malalamiko. Kurasa zilikuwa nyeupe.

"Mmeacha kugombana?" aliuliza.

"Tunagombana, bosi," mlinzi akajibu. "Ila sasa kila mtu anajua mwenzake anagombea nini."

Msimamizi akasaini: chumba kibaki.

Siku hiyohiyo muuguzi alimkabidhi Bibi Kimya ufunguo wa mlango wa nne. "Huu wako, mama. Na usiuache mtupu." Chumba kizima kiliangua kicheko, naye akatoa kwenye mfuko wa aproni sanamu ndogo ya Budha aliyoibeba humo tangu aanze kazi.

Mwezi ujao wodi mpya ya wazazi itafunguliwa, ikiwa na chumba chake cha ibada. Ufunguo wake ameshapewa Bibi Kimya.

"Safari hii," anasema akivaa viatu, "nitauliza kwanza, ndipo nifagie."