Kidonge Cheusi cha Kahawa

Felicitas Karwirwa alizaliwa Muthara, upande wa Tigania huko Meru, katika boma lililozungukwa na mibuni pande tatu, na hadi alipoolewa hakuwa ameonja kahawa. Kahawa ilikuwa ya kuchumwa na kupelekwa kiwandani. Kilichonywewa nyumbani ni chai: maji, maziwa na majani ndani ya sufuria moja, moto wa kuni chini yake, hadi ifure itake kumwagika. Mgeni akifika, mama yake alimimina kikombe chake mwenyewe kwanza, akanywa kidogo, halafu akammiminia mgeni kutoka sufuria ileile. Felicitas hakuwahi kuuliza sababu. Ndivyo chai ilivyoandaliwa, basi.

Aliolewa na Njue, mtu wa Mbeere aliyekuwa karani mjini Embu, wakapanga nyumba mtaa wa Dallas, wakapata binti wakamwita Wawira. Felicitas akaajiriwa kupika kwa Waswisi wawili, mume na mke, walioletwa na mradi wa maji. Kwao ndiko alikoiona ile mashine.

Siku ya kwanza alidhani ni redio. Yule mama alichukua kidude cha bati laini, kidogo kuliko kizibo cha chupa ya uji, akakitumbukiza ndani na kubonyeza. Mashine ikanguruma, kahawa ikatiririka, povu juu yake. Kikombe kimoja. Kile kidude kikatupwa kwa taka.

"Na ya mzee?" Felicitas aliuliza.

"Yake atajitengenezea akitaka," yule mama alisema. "Kila mtu na yake."

Felicitas alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Watu wawili, mume na mke, nyumba moja, na kila mmoja anapikiwa peke yake kama mgonjwa! Jioni alimweleza Njue, naye Njue akacheka hadi akakohoa.

Lakini alizoea. Alijifunza kwamba cha rangi ya dhahabu ni laini, cha kijani ni cha katikati, cheusi ni kikali kupita vyote. Kwa kuwa hakuwa na jina la vile vidude, aliviita vidonge vya kahawa. Mradi ulipokwisha, katikati ya mwaka wa tisini na saba, Waswisi walirudi kwao wakamwachia mashine pamoja na katoni ya vidonge.

Njue aliiweka sebuleni, juu ya kabati, pale ambapo mtu hawezi kuingia bila kuiona.

Sasa Njue alikuwa na kaka yake mkubwa, Gichovi, aliyebaki nyumbani karibu na Siakago akilima ndengu na kufuga mbuzi. Gichovi alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na maombi marefu. Ndugu hao walikuwa wameacha kusalimiana tangu Njue alipouza kipande cha shamba la baba yao bila kumwambia mwenzake. Baba yao mdogo, Mzee Mwaniki, ndiye aliyekwenda huku na huku kuwasihi, hadi Gichovi akakubali kupanda Embu Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, yeye na mkewe Ednah, wale chakula pamoja na Njue, yaishe.

Siku hiyo Felicitas aliamkia jikoni. Akachinja jogoo, akachemsha githeri ya mahindi na maharagwe, na wageni walipopiga hodi alikuwa ameshabandika sufuria ya chai. Njue akaja mbio jikoni.

"Epua hiyo chai."

"Kwa nini? Imebaki kidogo tu ichemke."

"Leo ni kahawa ya mashine. Chai wanakunywa kila siku huko kwao."

"Baba Wawira, watu hawa wamekuja kupatana na wewe. Wape chai."

"Nimesema kahawa."

Akaepua. Sebuleni Njue alijitwika kazi ya kueleza mashine inavyofanya kazi, kana kwamba aliiunda yeye. Mzee Mwaniki alipewa cha dhahabu, akashangaa povu, akasema ni tamu. Ednah alipewa cha kijani. Gichovi alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, koti bado mwilini, paji la uso linang'aa kwa jasho ingawa nje palikuwa na manyunyu.

"Wewe shemeji nikupe kidonge kipi?" Felicitas alimuuliza.

"Kile kikali. Sisi wa huko chini Mbeere hatunywi vitu vya watoto," Gichovi alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ndugu wawili wakacheka pamoja.

Felicitas akaweka kidonge cheusi. Gichovi aliinywa yote kwa haraka, moto hivyohivyo, akasukuma kikombe mbele. "Ongeza." Akamwekea kingine. Njue akampiga kaka yake begani, akiwa na furaha kama mtoto.

Felicitas alikuwa amerudi jikoni kupakua aliposikia kiti kikianguka. Alitoka na mwiko mkononi. Gichovi alikuwa sakafuni, macho yamegeuka, mkono umeshika kifua, midomo inatetemeka bila kutoa neno. Kikombe kilikuwa kimevunjika kando yake. Ednah alikuwa amepiga magoti akimwita jina. Mzee Mwaniki alibaki kwenye kiti chake, kikombe mkononi, kisha akakiweka chini polepole sana, mbali na yeye.

Jirani mwenye pikapu aliwapeleka hospitalini. Muuguzi aliuliza mgonjwa amekula nini.

"Hajala kitu," Ednah alisema, analia. "Amewekewa kidonge kwa kahawa."

"Kidonge gani?"

Ednah akageuka, akanyoosha kidole. "Muulize huyu. Ni yeye aliweka. Sisi alitupa vya rangi nyingine. Mume wangu alipewa cheusi, tena viwili!"

Watu waliokuwa kwenye benchi waliacha kuzungumza. Felicitas alifungua mdomo. Alitaka kusema ni jina tu, ni jina alilolitunga mwenyewe, ni kahawa ndani ya bati. Alimtazama Njue. Njue ndiye aliyeijua mashine. Njue ndiye aliyetaka kahawa. Njue angesema.

Njue alimshika mkono akamvuta hadi karibu na dirisha.

"Mama Wawira," alisema kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Ulimwekea nini ndugu yangu?"

Kwanza alidhani hakusikia vizuri. Miaka yote tangu waoane, kila chakula alichokula mtu huyu kilitoka mikononi mwake, na sasa amesimama mbele yake akiyatazama macho yake kama askari. Alitoka nje, akatembea kwa mvua hadi Dallas, akafika nyumbani akakuta jogoo amepoa kwenye sufuria.

Gichovi hakufa. Daktari alisema moyo ulikuwa ukienda mbio kupita kiasi na presha ilikuwa juu, akamuuliza kama kuna kitu kingine alichotumia siku hiyo. Gichovi akatikisa kichwa kukataa. Akalazwa, akapata nafuu, akarudishwa kwake.

Lakini neno kidonge lilikuwa limeshatoka hospitalini na kufika Dallas. Akina mama wa kanisa walipokutana kwa Felicitas, kama zamu yake ilivyokuwa, aliwapikia chai ya sufuria, akaijaza thamosi mbili. Walisali, wakaimba, wakasema wana haraka. Thamosi zilibaki zimejaa. Alifungua moja akajimiminia, akanywa peke yake. Wanawake ambao walikuwa wakimwomba awapikie harusi! Shule zilikuwa zimeshafungwa. Kesho yake akamchukua Wawira wakapanda gari la Meru, wakaenda Muthara kwa mama yake. Njue alisimama mlangoni, hakumzuia. Hilo nalo lilimuuma.

Mvua za mwaka huo zilikuwa za El Nino. Barabara zilikatika, madaraja yakachukuliwa. Ndiyo maana, Krismasi ilipokaribia, mama yake alipomwita akisema kuna mgeni kutoka Mbeere, Felicitas alifikiri mama ameelewa vibaya.

Alikuwa Ednah. Matope yalimfika magotini, viatu ameshika mkononi.

Mama yake Felicitas hakumuuliza jambo. Alimpa maji ya kunawa miguu, akapika chai, akajimiminia yake, akanywa, akammiminia Ednah. Ednah aliitazama ile chai machozi yakimtoka, akainywa yote. Kisha akatoa karatasi ya nailoni kifuani na kuifungua mezani. Ndani mlikuwa na majani yaliyokauka na kujikunja.

"Unayajua haya, Mama Wawira?"

Nani asiyeyajua? Felicitas alikuwa mtoto wa Tigania, nchi ya miraa. "Ni muguka, miraa ya majani ya kwenu Mbeere."

"Niliyatoa kwa mfuko wa ndani wa lile koti. Nilikuwa nalifua."

"Koti la nani?"

"La mume wangu, Baba Nyaga."

Mama yake Felicitas alijishika mdomo. Hata huku Muthara ilijulikana kwamba Gichovi wa Siakago huombea vijana waache muguka. Alikuwa amewahi kualikwa kuhubiri hadi Mitunguu.

"Nilimfungia mlango nikamuuliza," Ednah aliendelea. "Alisema anatafuna tangu zamani, kwa siri. Siku ile alikuwa amefunga, hajatia kitu tumboni tangu Jumamosi, na alikuwa na hofu ya kukutana na Njue. Akaanza kutafuna tukitoka Siakago, akijifanya anakohoa kwa leso. Alitafuna hadi stendi ya Embu. Halafu akanywa ile kahawa kali juu yake, na vyote viwili hukimbiza moyo."

Felicitas aliyasukuma majani kando kwa kidole. Halafu akauliza. "Alijua ni muguka uliomwangusha?"

"Alijua."

"Daktari alipomuuliza, alijua?"

"Alijua, mama. Aliogopa kanisa litasema nini." Ednah aliinamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyesema lile neno. Sikutumwa. Nimekuja kwa miguu yangu kukuambia nilikosa."

Felicitas alikuwa amengojea siku ya kumfokea mwanamke huyu. Alijua hata maneno yenyewe. Sasa hayakuja. Mtu mzima, mzee wa kanisa, alilala kitandani akisikia jina la shemeji yake linachafuliwa, akavuta blanketi! Alijikuta anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, hata Wawira akatoka chumbani kuona kuna nini. Halafu akamshika Ednah bega, akamwambia alale, barabara ni mbaya.

Njue alifika baada ya Krismasi, amekonda. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama uani akizungusha kofia.

"Mama Wawira, twende nyumbani. Mambo yamejulikana."

"Yamejulikana kwa Ednah. Wewe ulijua nini siku ile?"

"Nilichanganyikiwa. Ndugu yangu alikuwa anakufa."

"Ednah ni mke wake, alikuwa na haki ya kupiga kelele. Wewe uliniona nikiepua chai kwa sababu yako. Kisha ukaniuliza nimeweka nini."

Njue aliacha kuizungusha kofia.

"Nitarudi shule zikifunguliwa," Felicitas alimwambia. "Lakini utamwita Mzee Mwaniki, utawaita na wale akina mama, wote waketi sebuleni, na utawaambia kwa mdomo wako ulichoniuliza hospitalini. Usiseme Gichovi alifanya nini. Sema wewe ulifanya nini."

Aliyasema. Januari, sebule ikiwa imejaa, Njue alisimama akayasema, sauti ikimkatika, na Mzee Mwaniki akatazama sakafu muda wote. Gichovi hakuja, alikuwa amejiuzulu kanisani na hakupanda Embu mwaka ule wote. Akina mama walikunywa chai, wengine vikombe vitatu, wakasifu kupita kiasi. Felicitas aliwaongezea. Kila alipoinama kumimina aliona jinsi wanavyomtazama mikono, na akaendelea kumimina.