Bomba la Ndege Iliyombeba Anselmi

Miaka ile ya vita ya pili ya Mjerumani tulikuwa tunakaa Bakoba, kando ya ziwa. Asubuhi hiyo nilikuwa namenya ndizi, na mume wangu, Baba Anselmi, anaziba sufuria yangu nyuma ya nyumba. Alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya malori. Anselmi, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa amelala ndani, kwenye nyasi mpya nilizomtandikia. Jeshi lilimrudisha na kipande cha chuma karibu na uti wa mgongo. Madaktari wa kukitoa walikuwa Mwanza, na barabara ingemuua.

Ndipo akaja rubani, Mwingereza. Bomba la moshi la ndege yake ndogo lilikuwa linavuja pale vipande viwili vinapoungana, na vipuri hakuna. Akasema akitengenezewa, atamchukua mgonjwa.

Nikamshukuru Bikira Maria. Nilidhani nimejibiwa.

Baba Anselmi alikuta kiungo kinacheza. Kwenye lori, bomba linalocheza ni bovu. Akakichomelea kikakaza kabisa, akarudishia lile koti la bati linalofunika bomba na kupeleka joto ndani kwa abiria.

"Tata," Anselmi alimtania baba yake tulipomlaza nyuma ya rubani, "kama umeziba kama sufuria ya Mama, nitarudi kwa miguu."

"Nyamaza wewe. Sufuria imevuja?"

"Si bado haijapikiwa!"

Tukacheka. Nikamfunika mablanketi mawili. Ndege ikaruka, ikashika ziwa.

Baadaye tukaiona inarudi.

Inayumba.

Rubani alishuka akatapika. Walipofika juu ya kisiwa cha Bumbire kichwa kilimuuma, akafungua dirisha lake. Anselmi alikuwa nyuma, kwenye joto.

Nilimwita. Nilimtikisa.

Fundi wa ndege aliyeletwa alifungua lile koti. Bomba lilikuwa limepasuka kando ya kiungo.

"Kinaachwa kicheze makusudi," alisema. "Bomba likipata moto hurefuka. Ukilibana linapasuka, sumu ya moshi inaingia ndani pamoja na joto."

"Nilidhani kimechakaa," Baba Anselmi alisema.

Tulimzika mtoto wetu Muleba, kwenye kibanja cha babu yake, katikati ya migomba. Padri alisema Mungu anajua. Naamini anajua. Rozari sijaiacha hata jioni moja, ila faraja haijaja. Mume wangu hakuchomelea tena. Watu walileta kazi, mwisho wakaacha.

Sufuria ile bado naipikia. Haijavuja hata tone.