Nyumba Niliyomchagulia Chatu

Kambi ya wageni ninayofanyia kazi Sitalike ilipata chatu mdogo, na bosi akaniachia kumchagulia nyumba. Nilikataa sanduku la kioo, nikaleta mzinga wa zamani wa baba, mrina asali wa Inyonga. Nikajisifu kuwa mlango wake mwembamba unapitisha hewa na chatu hapiti. Nta iliyopakwa ndani sikuikwangua, mjuaji mimi.

Siku ya tatu bosi aliwakusanya wageni, akaniambia, "Fungua waone." Nikafunua. Nyuki wakatutawanya wote.

Kesho yake baba alikuja na moshi wake, akamtoa chatu amekufa, amevimba. Akaniuliza mbele ya bosi, taratibu, "Mwanangu, nimekulea kwa asali. Nta huwa tunapaka ili aje nani?"