Nilisema niko matanga kumbe nilikuwa nimekimbia kura, na mama mmoja wa Ziwa akapoteza msimu

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii stori nimeikalia miaka mingi. Nimeiandika mara tatu nikafuta. Leo naimwaga yote, na pale nilipokosea sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Majina nimebadilisha, mengine ni vile yalivyotokea.

Mimi ni fundi wa matrekta. Kwetu ni Nyanza, Ujaluoni, lakini Eldoret ndiyo imenilisha tangu nimalize chuo cha ufundi. Watoto wangu wamezaliwa huku. Kijaluo chao ni cha kuombea maji tu, na bibi yao hucheka mpaka machozi wakiongea.

Kazi yangu hasa ni pampu ya injekta, ile inayopelekea injini dizeli kwa kipimo. Ikiharibika, trekta haiendi popote. Na si kila fundi anaifungua, wengi wakiifungua hawawezi kuirudisha.

Sasa tuanze.

Desemba 2007 nilikuwa nimeajiriwa kwa gereji moja ya mjini. Siku mbili baada ya kura, bosi akanituma Ziwa, kituo kimoja nje ya mji, kwa mteja wake mmoja, nitamwita Mama Chebet. Mjane, mkulima wa mahindi na maziwa, na kiongozi wa kina mama kanisani kwao. Trekta yake ilikuwa imekataa katikati ya kupukuchua mahindi.

Kabla sijamaliza kazi, matokeo yakatangazwa. Mnajua kilichofuata: watu wa makabila ya nje kufukuzwa, nyumba kuchomwa.

Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Nilikaa kwa huyo mama zaidi ya wiki mbili, nikilala stoo juu ya magunia. Kila mbwa akibweka nilikuwa nimeshasimama. Chakula alikuwa ananiletea mwenyewe, na akinikuta nimesimama ananiambia tu, "Kaa, fundi. Kula."

Siku ya tatu vijana walifika kwa gate. Wengi, na hawakuja mikono mitupu. Kuna mtu alikuwa amewaambia kuna mgeni ndani, wa gereji ya bosi wangu.

Mimi nilisikia kila kitu kutoka stoo. Mama Chebet alitoka na gumboots zake, alikuwa ametoka kukamua. Akawaambia, "Huyo ni fundi wangu. Mkitaka kumtoa, mniambie kwanza trekta za baba zenu zitatengenezwa na nani."

Wakaongea sana kwa lugha yao. Halafu wakaenda.

Wakuu, naomba mniamini, sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile.

Niliporudi mjini nilikuta gereji ni majivu. Bosi wangu, mtu wa Central, kabila lililosakwa zaidi mwaka ule, alikuwa ameondoka na begi moja na familia. Hakurudi tena mpaka leo.

Hapa naweka stori kando kidogo, kwa sababu watu wakizungumzia wafanyakazi wa kutoka nje wanapenda kusema tunakula kazi za wenyeji. Sawa. Mwaka ule msimu wa kulima ulifika na matrekta yakiwa yamesimama mashambani kama mawe. Maduka ya spea yalikuwa yamechomwa, mafundi wametawanyika, madereva hawapo. Mzee mmoja wa Soy aliniuliza yule bosi wangu atarudi lini, kama vile alikuwa ameenda likizo.

Na mimi pia si malaika. Nilifungua banda langu Yamumbi, pembeni mwa mji, mwaka huohuo na kazi ikanifurikia, kwa sababu bosi aliyenifundisha kazi alikuwa amefukuzwa. Nilikula kwa meza yake akiwa kambi ya wakimbizi. Hilo linanisumbua hadi sasa.

Miaka ikaenda. Mama Chebet akawa mteja wangu, hata zaidi ya mteja. Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, maziwa yalitoka Ziwa kila wiki. Akipita mjini lazima aingie kwetu anywe chai, na lazima aseme chai yetu haina maziwa ya kutosha.

Ikafika 2013.

Wale mnaofanya kazi mbali na kwenu mnajua hii tabia yetu. Kura ikikaribia, tunapunguka. Hakuna anayetangaza. Unaona tu jirani anashusha godoro, mwingine anasema watoto wanaenda kumwona nyanya. Ukiuliza unaambiwa ni safari ya kawaida. Siasa ya mwaka ule ilikuwa imeweka watu wa kwetu upande mmoja na wenyeji upande mwingine, na hakuna mtu aliyekuwa amenitishia hata kwa neno. Lakini hofu ilikuwa imeniingia. Nilikuwa nikisikia vijana wakicheka nje nanyamaza nisikilize wanacheka nini.

Wiki hiyohiyo, mtoto mkubwa wa Mama Chebet alikuwa ameniletea pampu ya trekta yao. Nikaifungua, nikaipanga vipande mezani. Kazi ya siku mbili tu.

Usiku mke wangu akasema, "Baba Brian, mimi siwezi ngoja hapa tena."

Asubuhi nikafunga banda kwa kufuli, pampu ikiwa ndani, nikaenda na ufunguo mfukoni. Sikumuaga mtu. Mama Chebet nilijiambia nitampigia nikifika.

Sikumpigia.

Nyumbani nako hakukuwa na raha. Mkiwa mjini mnatuma pesa, nyinyi ni watu wakubwa. Mkirudi wanne na mabegi, mnakuwa vinywa vinne. Ndugu zangu hawakusema kitu, lakini shemeji alianza kupima unga kwa kikombe. Ada ya mdogo wangu ilikuwa inatoka kwa lile banda nililofunga. Kutwa nilikuwa natembea kutoka redioni hadi barabarani, kutoka barabarani hadi redioni.

Kura ikapigwa. Eldoret ikawa shwari. Lakini kesi ya kupinga matokeo ikaenda kortini, nami nikasema wacha ningoje uamuzi.

Siku moja simu ikaita. Mama Chebet.

"Fundi, nimetuma kijana kwako amekuta kufuli. Uko wapi?"

Wakuu, jibu la kweli lilikuwa maneno mawili. Mama, niliogopa. Nikashindwa. Ningemwambiaje mtu aliyesimama kwa gate kwa ajili yangu kwamba nimekimbia watu wa kwao?

Nikasema, "Mama, niko matanga. Baba mdogo ametuacha."

Baba mdogo alikuwa ameketi mbele yangu anakula omena.

Akaacha kutafuna. Nilipokata simu akaniuliza, "Umeniua?" Nikamwambia ni kidogo tu, ni ya kazi. Kwetu kumtangazia mtu aliye hai kifo si jambo la mchezo. Hakula sahani moja nami kwa wiki nzima.

Lakini yule mama upande wa pili wa simu alikuwa amebadilika sauti kabisa. "Woi, pole sana fundi. Mzike mzee vizuri. Hiyo pampu itangoja."

Mjaluo akisema yuko matanga, hakuna anayeuliza swali la pili. Kila mtu Eldoret anajua matanga yetu huchukua siku nyingi. Ndiyo maana ule uongo ulinijia haraka hivyo.

Hakunipigia tena. Uamuzi wa korti ukatoka, nikaongeza wiki mbili zaidi, eti vumbi litulie. Mvua ilishaanza kunyesha. Mimi ni fundi wa matrekta, nilijua kabisa mvua hiyo ina maana gani.

Tuliporudi Aprili ikiwa imefika katikati, Eldoret ilikuwa inaendelea na maisha yake. Watu wanauza, watu wananunua. Jirani akaniuliza tulikuwa wapi, nikasema safari ya kawaida.

Nikampigia Mama Chebet kwamba nimerudi, pampu itakuwa tayari kesho. Nilitaka niimalize, nimpelekee, tuyasahau.

Mchana huohuo nikaona kina mama watano wanaingia kwetu, Mama Chebet mbele, wamefunga leso. Wamebeba maziwa, unga, sukari. Wametoka Ziwa hadi Yamumbi kunipa pole.

Mke wangu alinitazama na macho ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wakaketi. Mmoja akaanza wimbo. Kisha Mama Chebet akasimama kuomba. Akamwombea baba mdogo kwa jina, maana nilikuwa nimemtajia hata jina. Akaomba Mungu awape nguvu wajane wake. Akaniombea mimi, "huyu mtoto wetu aliyebaki bila mzee wa kumshauri."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Aliposema amina, nikashindwa.

"Mama, hakuna mtu alikufa."

Wote wakanitazama.

"Niliogopa kura. Nikakimbia. Nikashindwa kukuambia."

Mama mmoja akaanza kufunga leso yake upya, vile mtu hufanya akikosa pa kuweka mikono.

Mama Chebet akakaa chini polepole. Akasema, "Watoto wangu walitaka kuvunja hiyo kufuli."

Akaendelea.

"Kuna fundi mwingine huko Moi's Bridge angemalizia hiyo kazi. Mimi nikakataa. Nikawaambia mtu akiwa kwa msiba mlango yake haivunjwi. Hata kama mvua inanyesha."

Jamani.

Kama ningesema naogopa, angevunja kufuli, angechukua pampu yake, angelima. Kwa sababu nilisema niko msibani, heshima yake ilimfunga mikono. Majirani zake wote mahindi yalikuwa yameshachomoza. Shamba lake lilikuwa magugu, maana msimu wa kulima trekta ya kukodi huipati.

Akauliza swali moja tu. "Uliogopa hata mimi?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

Hakuniamini. Na mimi nikifikiria vizuri, sijui kama nilisema kweli.

Niliimaliza ile pampu siku hiyo, kesho yake nikaipeleka Ziwa na kuifunga kwa mikono yangu, sikuchukua hata shilingi. Akapanda akiwa amechelewa sana. Mahindi yalitoka mafupi na ya kusikitisha. Mwisho wa mwaka aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili binti yake amalize chuo. Niliambiwa na watu wengine. Yeye hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na trekta yake ikahamia kwa yule fundi mwingine. Kwetu akawa hapiti tena.

Mtaniambia fundi mmoja ana umuhimu gani. Wakuu, hesabuni. Mimi nilipofunga banda, Ziwa kuna shamba halikulimwa, kwetu mdogo wangu alifukuzwa shule kwa kukosa ada, na mwenye duka la spea jirani yangu alikaa anapiga miayo. Sasa chukua kila fundi, mwalimu, nesi na mshonaji aliyeshusha godoro wiki ile. Hakuna aliyerusha jiwe mwaka ule, na bado watu waliumia.

Mwaka 2017, mwezi mmoja kabla ya kura, ile hofu ikaanza tena. Mke wangu akatoa mabegi. Nikakaa na simu mkononi karibu saa nzima, kisha nikampigia Mama Chebet.

"Mama, ni mimi fundi. Naogopa. Nataka kupeleka familia nyumbani."

Nikasikia akifunga mlango.

Kisha akasema, "Hata mimi naogopa."

Sikutegemea hilo. Nikauliza, "Unaogopa nini na wewe uko kwenu?"

"Si ndiyo hiyo," akasema. "Wewe ukiogopa uko na pa kwenda. Mimi nikiogopa naenda wapi? Hawa vijana ni wangu. Nyumba wakichoma ni mimi nitaishi na wao."

Wakuu, nimeishi Eldoret miaka yote hiyo nikidhani hofu ni mzigo wetu sisi wageni. Mwaka 2013 nilipanda gari nikamwacha yule mama na hofu yake, peke yake, halafu nikaona ni mimi niliyeonewa.

Akaniuliza nitarudi lini. Nikasema sijui. Akasema, "Basi sema hujui. Hiyo naweza kupangia."

Nikapeleka watoto, mimi mwenyewe nikarudi. Siku ya matokeo nilienda Ziwa. Nilimkuta uani na redio ndogo, akanisogezea kiti bila kuuliza nimefuata nini. Hatukuulizana nani alimpigia nani kura. Wakitangaza, akasogeza kiti chake karibu na changu, nami nikasogeza changu, na hakuna aliyeficha hofu yake.

Somo langu ni hili. Niliogopa kabila zima, nikamdanganya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyelipa. Kuogopa ni haki yako. Ukiondoka, waambie wanaokutegemea kwamba unaogopa, wajipange.

Trekta yake bado haijarudi kwangu. Sijamwomba, na sidhani nitamwomba.

Nyinyi mnaofanya kazi mbali na kwenu, mwenyeji gani anajua kwamba huwa mnaogopa? Na nyinyi wenyeji, mmeshawahi kumwambia fundi wenu kwamba na nyinyi hamlali? Andikeni hapa chini, hata kama ni kunitukana. Nasoma zote.