Uzito wa Mama Valerie

Fundi Caren wa Soweto West haogopi gari lolote. Anaogopa wenye magari, na kuliko wote anamwogopa Mama Valerie, kwa sababu anampenda.

Wamuyu, mama yake Valerie, ndiye aliyempa kona ya kufanyia kazi kwenye ploti yao Kawangware, wakati mafundi wengine walikuwa wakimwambia akauze mitumba soko la Toi. Kwa hiyo mumewe, Mzee Gikonyo, alipoamua kuifufua Datsun yake ya ujana, iliyogeuka banda la kuku, kazi ilikuwa ya Caren bila mjadala. Akafunga giaboksi ya gari lingine. Propela, ile shafti ya chini ya gari, ikawa ndefu mno, akaikata, akaichomelea, akaiunganisha na difu, gia za ekseli kule nyuma. Akaazima pimamaji ya waashi, akalala chini, akahakikisha giaboksi na difu zimeinama sawasawa. Alipoijaribu Ngong Road, Datsun ilienda bila neno.

Jumapili Mama Valerie akapanda nyuma na wenzake wawili wa kwaya, wanawake walioshiba, tusifichane. Hawakufika mbali. Chini ya viti kulianza mngurumo, gari likatetemeka mpaka vilemba vikahama. Gikonyo aliyekuwa usukani, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema gari ni zima, shida ni mzigo. Mzigo, jamani! Wanawake wakashuka palepale, na Mama Valerie akaapa kwamba hata kwenye harusi ya Valerie, Jumamosi iliyofuata, atatembea kwa miguu.

Caren aliumia roho. Mama wa watu aaibike kwa kazi ya mikono yake? Akapima tena, gari tupu halikuwa na kosa. Ndipo akili ikamjia, akatamani isingemjia: watu wakikaa nyuma, springi zinashuka, mwinamo wa difu unaachana na wa giaboksi, na propela katikati inataabika. Dawa ni kupima abiria wakiwa ndani. Yaani amwendee mwanamke aliyeitwa mzigo, amwombe aje awe mzigo. Wewe ungeanzia wapi? Alifikiria kutumia mifuko ya simiti badala yao, lakini mtu akimuuliza kwa nini mifuko mitatu kwa kila mama na si miwili, atajibu nini?

Akamkuta Mama Valerie jikoni akikata sukuma wiki. Maneno yote aliyopanga yakamtoroka.

"Mathe, kosa ni langu," akasema. "Nilipima gari bila wenyewe."

Mama Valerie akamtazama, kisu mkononi. Kisha akacheka mpaka akashika meza, akawapigia simu wale wawili. Walikuja na thermos ya chai na mandazi, wakakaa nyuma wakipiga porojo huku Caren akipima chini. Tofauti ilionekana wazi. Wakashuka, akapachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, vyembamba upande mmoja, ili difu iinuke kidogo. Wakapanda tena, akapima, ikakubali.

Jumamosi Caren alishika usukani na wale watatu nyuma, wakazunguka mtaa kwanza. Kimya. Hakuna kilemba kilichohama. Caren akajisikia kuimba. Waliporudi getini Gikonyo akaja mbio, suti na kofia, akashika mlango wa mbele. Mkewe akanyoosha mkono kutoka nyuma, akabonyeza kufuli.

"Baba Valerie, hii imepimwa na sisi," akasema taratibu. "Ukiingia utaharibu hesabu."

Caren akatia gia. Mzee Gikonyo alifika harusini kwa boda boda, kofia mkononi.